Rufaa ya mwanafunzi mwenye sonona ikishatoka shuleni, nani anaifuatilia?

MwalimuMnasihi
Habari za kazi, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi katika sekondari moja ya kata hapa Tanzania. Mwaka jana mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu alianza kujitenga na kukosa usingizi, nikamwandikia barua ya kwenda zahanati, zahanati ikampa rufaa ya hospitali ya wilaya, na huko akaanzishiwa dawa na kupangiwa kliniki. Wakati huohuo afisa ustawi wa jamii alikuwa na jalada lake kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, na mama yake alikuwa akimpeleka kwenye maombi. Sote tulikuwa tunamhudumia kijana mmoja, lakini hakuna aliyejua mwenzake amefikia wapi. Kwamba ameacha dawa nilikuja kuambiwa na jirani yake wa dawati, miezi miwili baadaye. Je, huduma hizi zinaweza kushikamana bila kusubiri mradi wa wafadhili?

MuuguziWaWilaya
Pole, Mwalimu. Ninafanya kazi kwenye kliniki ya afya ya akili, na nakiri kwamba upande wetu ndio unaolegea zaidi. Fomu ya rufaa ina sehemu ya majibu, lakini hujazwa kwa nadra, na hata ikijazwa hurudi zahanati, kwa kuwa sisi hatuihesabu shule kuwa kituo cha huduma. Linganisha na kliniki za CTC za wanaoishi na VVU: mteja akikosa tarehe yake, jina lake huingia kwenye orodha ya wanaotafutwa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii humfuata hadi nyumbani. Kijana mwenye sonona akikosa tarehe yake, faili hubaki kabatini mpaka arudi akiwa na hali mbaya zaidi. Kazi hii haihitaji daktari bingwa, ambao ni wachache mno. Inahitaji daftari la miadi, na mtu aliyepewa jukumu la kulifungua kila Ijumaa.

UstawiHalmashauri
Nakubaliana na dada muuguzi kuhusu daftari, ila daftari halitatosha ikiwa kila ofisi itakuwa na lake. Kwenye mashauri ya ulinzi wa mtoto tunamteua msimamizi mmoja wa shauri, na wengine wote hupitia kwake. Utaratibu huo ungefaa hapa pia, hasa kijana akiulizwa mwenyewe anamwamini nani. Kuna pengo jingine ambalo halisemwi: kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, hivyo kijana wa Kidato cha Nne anaweza kutoka mikononi mwangu katikati ya matibabu. Makabidhiano yafanyike kabla ya siku hiyo.

Naomba pia msifungue kundi la WhatsApp la kujadili wanafunzi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zaidi ya hapo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kijana akihisi kwamba maneno yake yanazunguka, atanyamaza kabisa.

MamaWaWatatu
Nasema kama mzazi. Kliniki ya kwetu ni Jumatano tu, siku ya masomo, na nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya chakula cha siku nzima. Mwanangu hakukaidi dawa, alichoka kuwaeleza walimu kwa nini hayupo. Kwenye maombi hakuna aliyemuuliza barua.

MwalimuMnasihi
Asante, mama, la Jumatano sikuwa nimelifikiria, na ruhusa hiyo naweza kuiombea kwa mkuu wa shule. Dada muuguzi, mwanafunzi akiridhia, je, kliniki inaweza kumpa karatasi yenye tarehe ya kurudi tu, aniletee?

MuuguziWaWilaya
Inawezekana, Mwalimu, na jina la ugonjwa halitaandikwa. Weka namba ya simu ya shule kwenye barua ya rufaa. Asipofika, nitapiga mimi.