Mjadala: Kichwa cha jeshi cha mtumba kifungwe tela lipi, na nani aidhinishe?

Hoja ya mwanzo, kutoka kwa fundi wa matela, Kizota

Ndugu zangu, naomba tujadiliane kuhusu vichwa vya malori ya jeshi vinavyonunuliwa mtumba na kuvutishwa matela ya kiraia huku kwetu, kati ya Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Singida. Wapo wanaotaka vipigwe marufuku barabarani, na wapo wanaosema kwamba gari ni gari, mradi lina kadi na bima. Mimi sipo upande wowote kati ya hizo mbili. Kichwa kina kadi yake na namba yake, tela nalo lina kadi yake na namba yake. Kila kimoja kikikaguliwa peke yake, hakuna anayeuliza kama viwili hivyo vinafaa kukaa pamoja. Ninachopendekeza ni kwamba kichwa cha namna hii kikaguliwe kikiwa kimefungwa tela lenyewe, tena lenye mzigo, na cheti kitaje namba za vyote viwili.

Nitaeleza kilichonifikisha hapo. Mwezi Februari nililetewa kichwa cha Kimarekani aina ya M931A2, cha ekseli tatu na kinachosukuma magurudumu yote sita, kikiwa kimefungwa tela bapa la futi 40 lililotoka Singida na mashudu ya alizeti. Mwenye gari alilalamika kwamba tairi za ekseli ya mwisho ya tela zinaisha upesi na kwamba amekwisha kubadilisha springi mara mbili. Nilichukua futi nikapima. Kutoka sakafuni hadi juu ya sahani, pale tela linapolalia, palikuwa na mita 1.42, wakati tela lile liliundwa likae sawa kwenye mita 1.25. Sentimita 17 zinaonekana ndogo kwa mtu aliyesimama pembeni. Lakini kutoka kwenye pini ya tela, kile chuma kinachoingia kwenye sahani, hadi katikati ya ekseli zake ni mita 7.5, na kutoka ekseli ya kwanza hadi ya tatu ni mita 2.6, ukipiga hesabu, chesisi imeinuka penye ekseli ya kwanza kwa karibu sentimita 6 kuliko penye ekseli ya tatu. Springi za mbele zinaning'inia, za nyuma ndizo zinazobeba. Mizani haimwambii dereva habari hiyo, kwa sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 24 kwa kundi zima la ekseli tatu, kwa hiyo gari linapita mizani ya Njuki na Nala bila faini huku ekseli moja ikizimaliza tairi zake.

Jambo la pili lilikuwa tairi la akiba, ambalo kwenye kichwa kile limesimamishwa nyuma ya kibini. Tela lenye upana wa mita 2.5, ambalo pini yake iko mita 1 kutoka pua, linahitaji nafasi ya mita 1.6 kutoka katikati ya sahani ili pembe zake zizunguke bila kugusa kitu wakati wa kukata kona kali. Pini ikiwa sentimita 60 tu kutoka pua, nafasi inayohitajika inashuka hadi mita 1.39. Pembe ya kushoto ya tela lile ilikuwa na rangi nyeusi ya mpira, na tairi la akiba lilikuwa na mkato ambao ningeweza kuingiza vidole viwili. Vyote viwili, kichwa na tela, vilikuwa na stika halali za ukaguzi.

Mchango wa katibu wa chama cha ushirika, wilaya ya Mpwapwa

Fundi, nakushukuru kwa vipimo, lakini pendekezo lako la cheti kinachotaja namba mbili linatuua. Sisi tuna kichwa kimoja cha jeshi na matela matatu. Tela moja linapakiwa mahindi kijijini, la pili liko njiani kwenda Kibaigwa, la tatu linashushwa sokoni; kichwa hakisimami, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyotufanya tununue kichwa badala ya lori la bodi. Ukitufunga kwa tela moja, umetuuzia lori la bodi kwa bei ya semi.

Pia naona umekiangalia kichwa hiki ukiwa kwenye sakafu ya saruji. Njoo mwezi Machi uone njia ya kutoka bondeni kwetu, ambako udongo mweusi ukinyeshewa unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Kichwa cha kawaida cha 6x4, kinachosukuma magurudumu ya nyuma tu, kinalala pale siku mbili kikingoja jua. Cha jeshi, kwa kuwa hii A2 inaweza kupunguziwa upepo wa tairi dereva akiwa amekaa kwenye usukani, kinapita siku hiyo hiyo na mahindi hayaloi. Wanaotaka marufuku waseme mahindi hayo yatatolewa na nini.

Mchango wa dereva mstaafu, Manyoni

Wakuu wangu, mmezungumzia tela bapa, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye hatari ndogo. Mimi niliwahi kuendesha kichwa cha jeshi nikivuta tenki la maji la kandarasi ya barabara, na kilichonitoa jasho hakikuwa kimo. Sahani za baadhi ya vichwa hivi zimeundwa zicheze pande zote nne: mbele na nyuma kama sahani zetu, halafu kushoto na kulia, ili tela lisiipinde chesisi kichwa kinapopita kwenye makorongo. Porini ni ufundi wa hali ya juu. Kwenye lami, ukiwa na tenki lililojaa nusu au kontena lenye mzigo uliorundikwa juu, ni hatari, kwa sababu tela linapoanza kuegama kwenye kona, sahani inaegama nalo, na kichwa hakilizuii. Unakuja kuona kwenye kioo kwamba magurudumu ya upande mmoja yameinuka, wakati mkono wako hauna tena la kufanya. Sahani nyingine za aina hiyo zina kifungo cha kuzuia mchezo wa pembeni, na kifungo hicho kinatakiwa kiwe kimefungwa kabla ya kuingia lami. Fundi, sijaona ukikitaja.

Kuhusu pini, msidhani zote ni sawa. Matela yetu karibu yote yana pini ya inchi 2. Vichwa vikubwa vilivyoundwa kubebea vifaru, kama M1070 ya Oshkosh, vina sahani ya pini ya inchi 3.5. Mtu akinunua kichwa kikubwa hicho kwa kupenda nguvu zake kisha akarudisha nyuma chini ya tela la kawaida, tela litalala juu ya sahani vizuri kabisa, macho yataridhika, lakini meno ya sahani hayatakuwa yameshika kitu, na tuta la kwanza litawatenganisha. Ndiyo maana utingo wangu hakuruhusiwa kupandisha miguu ya tela kabla hajalala chini na tochi akaona meno yamefunga nyuma ya pini, nami nikawa nimevuta kidogo mbele huku breki za tela zimeshika.

Na taa. Watu husema jeshi ni volti 24 na matela yetu ni volti 24, basi kazi imekwisha. Umeme unalingana, ndiyo, lakini plagi ya jeshi ina pini 12 na ya tela letu ina 7. Isitoshe, kwa mtindo wa Kimarekani taa ya breki na ya kupindia hutumia glopu moja, wakati matela yetu yana glopu mbili tofauti. Fundi umeme akiunganisha kwa kubahatisha, dereva anakanyaga breki na anayemfuata anaona anapinda. Halafu kuna swichi ya taa za vita, ile ya kujificha usiku, ambayo ikiachwa mahali pake pabaya inazima taa za kawaida zote, za breki zikiwemo. Ing'olewe kabisa.

Mchango mfupi wa mwenye basi dogo, njia ya Gairo

Usukani uko kushoto, dereva haoni anapotaka kupita, na sisi tuna abiria. Gari la jeshi libaki jeshini.

Fundi anarudi

Ndugu wa Gairo, hofu yako ya usukani ni ya haki, ila inahusu kila gari la usukani wa kushoto, yakiwemo ya safari za nchi jirani. Haiwezi kuwa sababu ya kukataza aina moja tu. Ningekuunga mkono zaidi kama ungetaja mwendo. Jeshi la Marekani lenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1990, liliwawekea madereva wa familia ya M939, ambayo M931A2 ni mmoja wao, ukomo wa maili 40 kwa saa, yaani kama kilomita 64, hadi zifungwe breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisigande, kwa sababu magurudumu ya nyuma yalikuwa yakishika na kuteleza kwenye lami yenye maji. Anayenunua aulize kama kichwa chake kimefungwa breki hizo. Na akumbuke kwamba injini ni ya nguvu farasi 240. Ukiifungia jumla ya tani 40, kila tani ina farasi 6, na mlima Sekenke hauna huruma na hesabu ya namna hiyo.

Mzee wa Manyoni, nimekubali kosa. Kifungo cha sahani nilikisahau, nacho kinastahili kutangulia kimo.

Katibu, hoja yako ya matela matatu imenifanya nibadilishe pendekezo. Cheti kisitaje namba ya tela. Badala yake kila kichwa cha jeshi kipigiliwe kibao chenye vipimo vyake: kimo cha sahani kikiwa na mzigo, ukubwa wa pini, umbali kutoka katikati ya sahani hadi kitu cha kwanza kilichosimama nyuma ya kibini, na uzito ambao sahani na ekseli zinaruhusiwa. Tela nalo liwe na kibao chake. Askari au mkaguzi asome viwili hivyo na kulinganisha, kazi ya dakika mbili. Nimesema kikiwa na mzigo kwa makusudi, kwa kuwa springi hushuka, na kimo cha gari tupu humdanganya mpimaji. Jambo jingine la kuandikwa ni aina ya tairi: tairi pana za 14.00R20 zinazokaa moja moja huruhusiwa uzito mdogo kwa ekseli kuliko tairi pacha, na wamiliki wengi hupakia kwa tani 18 za ekseli mbili za tairi pacha kisha wanashangaa faini.

Kwa kimo chenyewe, msikate springi. Ukishuka kutoka 14.00R20 hadi 11.00R20, sahani inateremka kwa takriban sentimita 8, ingawa mwendo wa juu nao unapungua na unapoteza sehemu ya uwezo wa matope ambao Katibu anausifia. Sehemu iliyobaki hupatikana kwa kubadilisha kitako cha sahani. Kulipandisha tela kwa kuweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi ni njia rahisi, nami nimeifanya kwa tela bapa, ila sitaifanya kwa tenki hata nikilipwa mara mbili.

Katibu wa Mpwapwa anajibu

Nimekuelewa, na cha vibao ninakiunga mkono iwapo gharama ya kupima haitazidi ya stika. Jana nimeyapima matela yetu yakiwa yamesimama kwa miguu yake mahali tambarare, yamelala sawa. La kwanza pini iko mita 1.27, la pili mita 1.29. Kichwa chetu, kikiwa na mzigo na tairi za 11.00, ni mita 1.31, kwa hiyo hayo mawili nadhani utayapitisha. La tatu ni mita 1.16, na sasa ninaelewa kwa nini miguu yake haifiki chini tukilifungua, na kwa nini tangu msimu uliopita vijana wanaiwekea magogo.