Ukoo wa Mzee Salehe: Igizo la Idd Pili

Da Zuhura, 19:02
Asalaam aleikum. Idd pili bado siku nane au tisa, mwezi ukiandama. Igizo la watoto liko hivi: kila mtu achague mhusika wa ngano, amfanye mpelelezi kwenye kazi aliyowahi kuifanya mwenyewe. Andikeni anavyojificha na kinachomuumbua. Nataka watoto waijue kazi yenyewe.

Da Zuhura, 19:44
Mmesoma wote, kimya. Rama, bekari!

Rama, 20:15
Sungura. Unga kilo 1, maji mililita 600, hamira kavu gramu 10, chumvi gramu 18. Kwa haraka zake atatia maji ya moto, hamira ife. Akipona hapo, atakimbilia kuchoma. Bonyeza donge kwa kidole: shimo likijaa upesi, bado, likirudi polepole, tayari, lisiporudi, limepitiliza. Asiyejua kidole hicho si mwoka mikate.

Hamisi
Fisi awe konda 😂 nauli yote tumboni kabla ya kituo cha pili

Rama
😂😂 abiria nao washike miguu yao

Da Zuhura
Hamisi, andika la maana. Noti zinashikwaje?

Hamisi
Zinakunjwa kwa urefu, zinapangwa katikati ya vidole kwa thamani yake. Fisi atazifumbata ngumi. Abiria mzoefu anamjua palepale.

Mwajuma, 21:20
Kwenye cherehani nampa Abunuwasi. Nyuzi zikivurugana chini ya kitambaa, mgeni hufungua bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Kosa liko juu: ametunga uzi mguu unaokandamiza kitambaa ukiwa umeshushwa, diski za kukaza uzi zimebana, uzi haukuingia. Inua mguu, tunga upya. Khanga sindano namba 14, jinzi 16.
Na vazi la Fisi nani anashona? Kushona nguo za arusi ya Tatu sijalipwa mpaka leo.

Da Zuhura
Hilo tulilimaliza.

Mwajuma
Mlilimaliza nyinyi.

Da Zuhura, 21:26
Tuendelee. Kobe tumpeleke kwenye jahazi la baba, akae ngamani, chini kabisa ya chombo, akipeleleza magendo.

Hamisi
Kobe haogelei, hasara yake 😂

Bi Mkubwa, 22:05
Jahazini msitie mpelelezi. Mtu wa ngamani kazi yake kukumba maji na kumwambia nahodha yamefika wapi. Pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi za mbao, ikichomoka usiku, anayejua ni yeye peke yake. Akidanganya mara moja, wamezama wote. Kazi ya baba yenu msiiwekee mtu wa kujifanya.

Rama, 22:31
Tumekusikia, mama.

Hamisi
Nisamehe, mama.

Da Zuhura, 22:40
Jahazi limetoka. Mwajuma, nipigie kesho asubuhi. Wengine naomba majina kabla ya Ijumaa.

Swafia Maskati, 00:48
Ndiyo naona sasa. Fisi anavaliwa na nani?