Mjadala: Mkubwa akikuinua mkono mbele ya wenzako wa orodha moja, amekujenga au amekuzika?

Mwanzisha mada, Kamalondo

Wakubwa kwa wadogo, salamu. Kalenda ikiheshimiwa, tunarudi kwenye kura mwishoni mwa 2028, na hapa Lubumbashi tayari utakutana na mtu anayejitambulisha hivi: "Mzee mwenyewe amenitaja." Programu hana. Ofisi ya chama haijulikani iko avenue gani. Ana jina la otorite morali, yaani mkubwa wa chama, mdomoni, basi.

Naomba tujadili jambo moja tu. Mgombea anaposhindana na watu wa chama chake mwenyewe, kutajwa na mkubwa kunamsaidia au kunamwumiza?

Kuna atakayesema Kongo hatuna kura za mchujo, za kumchagua kwanza mgombea wa chama, kama Marekani au Ufaransa, kwa hiyo swali halituhusu. Nakataa. Mchujo tunao, ila umejificha ndani ya kura yenyewe. Tazameni tunavyochagua wabunge wa taifa, wale wanaokwenda kukaa Kinshasa. Unachagua jina moja. Kura yako inaingia kwanza kwenye hesabu ya orodha nzima, orodha inapata viti vyake, kisha ndani ya orodha hiyo anayekaa ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake. Maana yake mpinzani wako wa kwanza si mtu wa chama kingine. Ni yule anayevaa kikwembe cha rangi moja na wewe, anayeimba wimbo mmoja na wewe. Mnachujana siku ile ile, mbele ya mashine ile ile.

Sasa wekeni watu sita wa orodha moja kwenye podium, uwanja fulani kule Katuba. Mkubwa anafika amechelewa saa tatu, anashika mkono wa mmoja, anauinua, anapiga kelele nambari yake. Wale watano wanapiga makofi. Mnafikiri wanawaza nini? Wamelipia mabango, wamelipa vijana, wamekwenda kwenye vilio (misiba) vyote vya mtaa. Kuanzia usiku ule mmoja anarudi nyumbani kulala, mwingine anafanya kampeni ya hasira, na wa tatu anaanza kunong'ona kwamba aliyetajwa ametoa kitu. Kura zao hao ndizo zingejaza kapu la orodha. Na tangu sheria ya 2017, chama au muungano ambao orodha zake zote hazifikishi asilimia 1 ya kura za nchi nzima haugawiwi kiti hata kimoja. Kwa hiyo mkono ule mmoja unaweza kuangusha sita.

Msimamo wangu ni kwamba ndani ya chama, baraka huzaa maadui haraka kuliko inavyozaa kura. Na si kwetu tu. Georgia, kule Marekani, mwaka 2022: Donald Trump alikuwa amekasirishwa na gavana Brian Kemp wa chama chake mwenyewe, kwa kuwa alikataa kugeuza matokeo ya 2020. Akamletea mpinzani, David Perdue, akamtaja, akamfanyia mkutano. Kemp akapata zaidi ya asilimia 70 kwenye mchujo. Watu wale hawakuwa wamemchoka Trump. Walikuwa na gavana wanayemjua, hawakuona sababu ya kufundishwa jina jipya.

Ufaransa 2016 ni mfano mbaya zaidi, maana pale msaada wenyewe ulikuwa mzigo. Alain Juppé aliongoza muda mrefu kwenye uchunguzi wa maoni kabla ya mchujo wa mrengo wa kulia. François Bayrou akamwunga mkono hadharani. Lakini Bayrou huyo huyo mwaka 2012 alikuwa ametangaza kwamba yeye binafsi atampigia Hollande, msosialisti. Nicolas Sarkozy akapata wimbo wa kuimba kila mkutano: tazameni rafiki wa Juppé ni nani. Sarkozy mwenyewe hakufika mbali, lakini Juppé naye alitoka na asilimia 28 na kidogo raundi ya kwanza, akashindwa vibaya na François Fillon raundi ya pili. Simwekei Bayrou lawama yote. Nasema tu kwamba anayekuinua anakupa pia maadui zake.

Karibuni.

Kijana wa Rwashi

Papa, miye minasema hivi. Huku Rwashi batu banakamata kikwembe ya kila mukubwa, banavaa, banaimba, kisha kule kwa mashine banafinya photo ya ule mwenye banajua. Mukubwa anakuyaka mara moja mu miaka tano. Ule mwenye anasaidiaka mu kilio, ule ndiye. Ile mukono ya ku podium, siku ya tatu batu banaisahau.

Mwalimu wa Kampemba

Ndugu yangu wa Kamalondo, umechagua mifano inayokupendeza. Georgia ni kweli, lakini mwaka ule ule, wiki tatu kabla, kule Ohio, kwenye mchujo wa useneta, J.D. Vance hakuwa akiongoza. Wagombea walikuwa wengi, wote wakisema maneno yale yale, wote wakidai ni watoto halisi wa Trump. Trump akamtaja Vance katikati ya Aprili, na tarehe 3 Mei Vance akashinda kwa asilimia 32 hivi. Asilimia 32! Wawili kati ya watatu hawakumtaka, lakini uwanja ukiwa na watu wengi hiyo inatosha kabisa. Pennsylvania, useneta pia, daktari wa televisheni Mehmet Oz, naye alitajwa na Trump, alimpita David McCormick kwa kura zisizofika 1,000. Katika tofauti ndogo hivyo, nani atasema neno la mkubwa halikuhesabika?

Kwa hiyo mimi nakugeuzia hoja yako. Katika uchaguzi mkuu mpiga kura ana alama nyingi za kumwongoza: chama, kabila, mkoa, hasira yake juu ya barabara na umeme. Ndani ya chama kimoja alama zote hizo zinafanana. Sita wamevaa rangi moja. Hapo ndipo neno la mkubwa lina uzito, kwa sababu ndilo jambo pekee linalowatofautisha. Kemp hakuwahitaji watu wamtambulishe, alikuwa gavana. Mgombea mpya wa Kampemba ambaye hata jirani wa avenue ya pili hamjui, akikataa baraka, atajitambulisha na nini?

Halafu kuna hili la wakati. Mwaka 2020, kwenye mchujo wa urais wa chama cha Democrat, Joe Biden alikuwa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, watu wameshaanza kumwandikia maneno ya mazishi. Jim Clyburn, mbunge mweusi wa South Carolina, akamtaja tarehe 26 Februari. Kura zilikuwa tarehe 29. Biden akapata karibu nusu ya kura zote kwenye uwanja wa watu wengi. Kisha wapinzani wake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajitoa na kusimama upande wake, siku moja au mbili kabla ya majimbo mengi kupiga kura kwa pamoja. Hiyo ni baraka iliyotolewa na mtu anayekaa na watu wake, kanisani kwao, kwa muda unaofaa. Usiichanganye na mkubwa anayeteremka kwenye ndege.

Mzee wa Kenya

Niko commune ya Kenya ya hapa Lubumbashi, ile nchi nitaifikia.

Wengi wenu mwaka 2006 mlikuwa wadogo. Raundi ya pili ya urais ilikuwa Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Antoine Gizenga, aliyekuwa wa tatu na asilimia 13, akamwunga mkono Kabila. Nzanga Mobutu, wa nne, naye hivyo hivyo. Magazeti yakajumlisha asilimia kama mtu anayehesabu feza ya mfukoni mwake. Kura zilipohesabiwa, Bandundu, nyumbani kwa Gizenga, Bemba ndiye aliyeongoza. Equateur, nyumbani kwa akina Mobutu, Bemba aliizoa karibu yote. Kabila alishinda nchi nzima, ndiyo, kwa asilimia 58, lakini nguvu zake zilikuwa huku kwetu mashariki, hazikutoka kwa wale wazee wawili. Gizenga akawa waziri mkuu. Sasa niambieni, baraka ile ilimnufaisha nani zaidi, aliyepewa au aliyetoa?

Hilo ndilo mnaloliruka. Mkubwa hataji mtu bure. Mara nyingi anamtaja anayeona atashinda, ili kesho aseme "nilimweka mimi". Trump pia hujaza hesabu yake na wagombea ambao hawakuwa na mpinzani wa maana, kisha anatangaza ushindi. Kabla ya kusema baraka imeleta kura, uliza kwanza yule mtu alikuwa wapi siku moja kabla ya kubarikiwa. Hata Biden wa Mwalimu, South Carolina ilikuwa shamba lake la siku nyingi.

Na ile Kenya nyingine: 2002 mambo mawili yalitokea katika kura moja. Moi alimchagua Uhuru Kenyatta kijana, wananchi wakamwita mradi wa Moi, chama kikapasuka. Raila Odinga akasimama akasema "Kibaki tosha", maneno mawili tu, karibu upinzani wote ukakusanyika, Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Neno la Raila lilikuwa na uzito kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na njaa ya kiti kile na akakiacha. Moi hakuacha kitu, alikuwa anaondoka kwa lazima ya katiba. Miaka 20 baadaye Uhuru, naye anaondoka, akamtaja Raila. Hata Kiambu, kwao, watu wakampa Ruto.

Yaya wa Katuba

Mnaongea kama wanaume wenye feza. Samahani, lakini ndivyo.

Sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe dhamana, ile feza ya kuandikisha wagombea, orodha yenye wanawake nusu. Matokeo mnayajua: vyama vinatafuta majina ya akina mama kujaza nafasi, kisha kampeni ikianza hakuna bango, hakuna gari, hakuna kipaza sauti. Mimi nimesaidia mmoja wetu. Wenzake wa kiume kwenye orodha ile ile walikuwa wanapita na magari manne, yeye anatembea kwa miguu na daftari. Mnaniuliza kama angekubali kuinuliwa mkono na mkubwa? Angekubali mara mbili! Dakika moja ya podium ni tangazo ambalo asingeweza kulinunua kwa mwaka mzima. Wale watano wanaokasirika, Papa wa Kamalondo, walikuwa wamekasirika tangu jina lake lilipoandikwa.

Lakini Mzee wa Kenya amegusa kidonda. Mwanamke akibarikiwa, swali la kwanza la mtaa si "ana akili gani?" Ni "alimpata wapi huyo mkubwa?" Mwanaume hatoi majibu hayo. Kwa hiyo baraka ile ile inambeba na kumchafua siku moja. Hesabu zenu za asilimia hazina sehemu ya kuandika hilo.

Mwanafunzi wa Bukavu, sasa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Mmesahau mchujo mkubwa kuliko yote tuliyofanya, ingawa ulifanywa na wakubwa saba wa upinzani hotelini. Geneva, Novemba 2018. Bemba alikuwa ameondolewa kwenye orodha ya wagombea urais, Katumbi alizuiwa mpakani Kasumbalesa asiingie hata nchini. Saba wale wakamchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja. Kabla ya saa 24, Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema msingi wa vyama vyao, yaani wanachama wa chini, umekataa. Kwetu Bukavu watu wa Kamerhe hawakungoja hata kusikia maelezo.

Upande wa pili Kabila alimtaja Shadary awe mgombea wake wa urais siku ya mwisho ya kuandikisha. CENI, tume ya uchaguzi, ikampa nafasi ya tatu, chini ya asilimia 24, wakati wabunge wa muungano huo huo walipita 300 kati ya 500. Matokeo ya 2018 yana ugomvi, Fayulu anasema alishinda, na maaskofu walisema takwimu za CENI hazilingani na walizokusanya, basi sitajenga nyumba juu yake. Ila hakuna aliyewahi kudai kwamba Shadary alishinda.

Na 2023, Matata Ponyo na Sesanga walijitoa kwa ajili ya Katumbi. Wakubwa wote wawili. CENI ikampa asilimia 18. Daktari wetu Mukwege, mwenye Nobel, anayesifiwa dunia nzima, hakufikisha asilimia 1. Sifa za mbali hazipigi kura Kadutu, kwetu Bukavu.

Mwanzisha mada, Kamalondo

Yaya, hoja yako naipokea kwa heshima, na sitamwambia mgombea wako akatae podium. Ila angalia: uliyoeleza ni umaskini wa kampeni, na mkubwa anautumia. Chama kingempa gari na kipaza sauti, asingehitaji mkono wa mtu.

Mwalimu, Vance na Oz wote walipita mchujo, lakini Novemba Vance akashinda na Oz akaangushwa na Fetterman. Chama kikachagua kwa sikio la mkubwa, kiti kikaenda kwa wapinzani. Na mwaka 2017 Alabama, kwenye mchujo wa useneta, Trump alimtaja Luther Strange, kisha akiwa jukwaani akimfanyia kampeni akasema huenda amekosea. Strange akashindwa. Sasa mtu anainuliwa mkono na anayeuinua hana uhakika!

Mwalimu wa Kampemba

Basi tukubaliane jambo la kufanya. Vyama viruhusu wanachama wa kila commune wapige kura zao kwanza, kwa kadi, wakubwa wakiwa kimya. Aliyepita hapo ndiye mzee aje kumwinua. Baraka ije baada ya mchujo, isije kabla.

Yaya wa Katuba

Papa Mwalimu, ni wazo zuri. Kadi hizo zinachapishwa na nani? Daftari la wanachama liko kwa nani? Kenya, ile nchi, Aprili 2017 chama cha Jubilee kilifuta siku ya kwanza ya mchujo wake kwa kukosa karatasi za kutosha na kwa fujo, na kile kilikuwa chama tawala chenye feza. Kwetu chama kizima kiko kwenye simu ya mtu mmoja. Nionyesheni kwanza chama kimoja hapa Lubumbashi chenye daftari ambalo mwanachama wa kawaida ameliona kwa macho, kisha tuongee nani anyamaze.

Kijana wa Rwashi

Yaya, miye niko na kadi tatu.