Watu 11, vizazi vinne, na bibi asiyetaka kusikia neno "meli"

MtotoWaKambi (Kampala)

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi nimekulia kambini Naguru, baba alikuwa polisi, kwa hiyo mtanivumilia na Kiswahili changu cha gwaride.

Kaka yangu mkubwa yuko Dubai mwaka wa tisa. Sasa anasema amechoka na Krismasi ya kukaa chini ya mwembe, kula matoke na kugombania rimoti. Anataka atupandishe meli ya kitalii hukohuko Dubai, siku saba, yeye alipe nusu na sisi tuchange nusu. Tuko 11: bibi mzaa mama (81), baba na mama, sisi wanne, na watoto wanne, mdogo wao ana miezi minne. Wakwe wamejitoa wenyewe, wanatujua.

Shida ni bibi. Kwao ni Bukoba. Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, jirani zake wawili walikuwemo na hawakurudi. Tangu siku ile hajavuka maji. Harusi ya binamu yangu kule visiwa vya Ssese alituma kuku wawili na kitenge, yeye akabaki nyumbani. Magoti nayo yamechoka, mwendo mrefu tunamsukuma kwenye kiti cha magurudumu.

Aliyewahi kusafiri na wazee na watoto kwenye meli kubwa aniambie. Inawezekana, au kaka anaota?

Sitaha_ya_Tano

Nilisafisha vyumba kwenye meli hizo miaka mitatu, nikarudi Jinja kufuga kuku. Nitasema nilichokiona.

Kwanza mtoto. Kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi sita. Kwa hiyo kabla hamjamjadili bibi, hesabuni miezi ya huyo mchanga hadi siku ya safari.

Pili viza. Meli ikitoka Dubai ikapita Doha (Qatar) au Muscat (Oman), kisha ikarudi, mmetoka Falme za Kiarabu na mnaingia upya. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Niliona familia nzima imekaa juu ya masanduku gatini, wengine wanalia, kwa kosa hilohilo. Na kadi za homa ya manjano msiziache.

Bei unayotangaziwa siyo utakayolipa. Bahashishi ya wafanyakazi mara nyingi hukatwa kwa kila mtu kwa kila siku, pengine hata kwa mtoto. Soda, intaneti, na daktari wa melini, vyote juu yake. Daktari ndiye wa kuogopa, kwa hiyo bima ya bibi iwe kamili. Na Krismasi bei hupaa.

Kuhusu kiti: milango ya vyumba vya kawaida ni myembamba, kiti hakipiti. Vyumba vyenye mlango mpana ni vichache na huwahiwa mapema. Chukueni cha katikati ya meli, sitaha za chini, hapo mtikisiko ni mdogo. Uliza pia bandari ipi meli haifungi gatini. Hapo abiria hushushwa kwa boti ndogo, na ikiwa kuna mawimbi mwenye kiti hubaki melini anatazama mji kwa mbali.

Nzuri yake ni meza. Usiku wa kwanza mkipangiwa meza moja, mnakula pamoja siku zote saba, mhudumu yuleyule, na kufikia siku ya tatu anajua kwamba mzee hali pilipili. Sijaona hoteli ya nchi kavu inayofanya hivyo.

Mwambieni bibi na hili: kabla ya kuondoka, au mara tu meli inapoondoka, kila abiria huonyeshwa kituo chake cha kukusanyikia na jinsi ya kuvaa boya. Ilikazwa hivyo baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kupinduka Italia Januari 2012.

MamaZai_Masaka

Ndugu yangu, huyo bibi ukimwambia Costa Concordia ndiyo umemmaliza kabisa 😂

Dada, kwa nini msianzie hapa nyumbani? Meli ya MV Kalangala hutoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, mnafika Lutoboka, huko Ssese, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Kurudi ni saa mbili asubuhi. Ulizieni kwanza kama inasafiri, maana huenda matengenezo. Sisi tulichelewa dakika kumi kwa ajili ya mtu mmoja aliyerudi kutafuta meno yake (simtaji, ni mkwe wangu), tukaiona inaondoka. Tukazunguka, tukalala Masaka, asubuhi tukavuka Bukakata kwa kivuko cha bure, chini ya saa moja mko Luku, hukohuko Ssese. Mama mkwe akasema afadhali, hicho kivuko unaona unakokwenda.

Mzee_wa_Pakwach

Mnajadili safari ya bibi, na bibi mwenyewe hajaulizwa. Muulizeni.

MtotoWaKambi

Shikamoo mzee. Nimemuuliza jana, akichambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema: "Sikatai maji. Nakataa maji ambayo sioni ng'ambo yake." Miaka yote tulidhani anakataa kila kitu kinachoelea!

Kwa hiyo nimempigia kaka. Amenuna kidogo, kisha akauliza mto upi una ng'ambo mbili.

Mzee_wa_Pakwach

Marahaba binti. Mto Nile hapo Paraa, ndani ya hifadhi ya Murchison. Boti inapanda hadi chini ya maporomoko ya Murchison, kwenda na kurudi ni kama saa tatu. Kushoto viboko, kulia mamba wamelala midomo wazi, tembo wanashuka kunywa. Mbele yenu Nile inapita kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Bibi akae upande wa kivuli, mtoto avalishwe kofia. Kama Murchison ni mbali, Mfereji wa Kazinga, kule hifadhi ya Queen Elizabeth, nao ng'ambo zote mbili zinaonekana.

MtotoWaKambi

Paraa basi. Mzee, swali moja la mwisho: pale gatini kuna ngazi ngapi? Kiti tunaweza kukibeba, lakini bibi hataki kubebwa mbele ya watu.

Mzee_wa_Pakwach

Mteremko wa kwenda majini upo. Njooni mapema kabla watalii hawajajaa, atashuka kwa mwendo wake.