Ziada ya AMCOS: igawiwe kwa kichwa au kwa kilo?

Korosho_Newala: Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikereketa. Msimu uliopita nilipeleka chamani (AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima) korosho kilo 640, zote daraja la kwanza. Chama kilikata shilingi 50 kila kilo, yaani 32,000 yangu ilibaki pale. Juzi tumeitwa mkutanoni, ziada, yaani makato yaliyobaki baada ya matumizi ya chama, ikagawiwa 12,000 kwa kila mwenye kadi. Jirani yangu alipeleka kilo 42 (makato yake 2,100 tu!), naye kapewa 12,000. Mwenyekiti anasema "sote wanachama". Hii ni haki kweli?

Babu_Salfa: Mwanangu, kwenye kura ndiyo sote sawa, uwe na mikorosho kumi au elfu. Ziada imetoka kwenye makato ya kilo, basi irudi kwa kilo. Lakini nikuulize: makisio ya matumizi ya chama yalipopitishwa kabla ya msimu, ulikuwepo? Pale ndipo hiyo 50 inapopangiwa kazi: posho za bodi, karani, mlinzi wa ghala. Mkisubiri minada iishe ndipo mhoji, mnagombea makombo.

Korosho_Newala: Shikamoo babu. Sikuwepo, nilikuwa shambani napulizia. Daftari la mahudhurio lililetwa nyumbani jioni, nikasaini.

Babu_Salfa: Marahaba. Ulisaini! Haya.

MamaTandahimba: Mie sikubaliani na babu. Mkigawa kwa kilo mnawatajirisha watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kinyemela kwa bei ya chini. Sisi tuligawa hivyo mwaka mmoja, na aliyeongoza kwa bonasi ni kijana mwenye kashamba kadogo tu. Alianza kuzunguka na hela mikorosho ikiwa bado ina maua, watu wana shida, korosho zao zikaja kuingia ghalani kwa jina lake. Sasa tunalinganisha kilo za mtu na idadi ya mikorosho aliyoandikisha alipochukua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mikorosho 30 haitoi tani mbili. Zilizozidi hazina bonasi mpaka aeleze ni za nani. Tuligombana mikutano miwili, wa tatu likapita.

Korosho_Newala: Mama, hapo umenishika pabaya. Katika zile 640, kama 110 ni za mama yangu mdogo. Hana kadi, huwa tunapitisha kwangu. Hela ya mnada nilimkabidhi yote, ila ziada ilipokuja hata sikumkumbuka. Kwenu kiingilio na hisa ni shilingi ngapi? Nataka nimwandikishe kabla ya palizi.