Naomba ushauri: kitabu cha zamani cha mapishi chenye ukungu na wadudu

Habari zenu wapendwa, na shikamoo kwa wakubwa.

Ninakusanya vitabu vya mapishi vilivyotumika, hasa vya Afrika Mashariki ya kabla ya uhuru. Nimepata kimoja cha walowezi wa Kenya, kilichoandaliwa na akina mama wa kanisa la St. Andrew's, Nairobi, na kutoka mara ya kwanza 1928. Nakala yangu ni ya toleo la baadaye. Kilichonivutia zaidi ni maandishi ya penseli pembeni: mtu kapunguza sukari ya keki, kaongeza iliki. Hayo sitaki yapotee kabisa.

Niko Tanga, na unyevu wa huku mnaujua. Kina ukungu, vitundu vya wadudu, na pini za chuma zinazoshikilia kurasa zake zimeshika kutu. Nimekitenga na vingine, nikakianika kivulini penye upepo, kisha nikafuta ukungu mkavu kwa brashi laini. Harufu bado ipo.

Nasikia kukifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukigandisha kwenye friza huua wadudu. Je, kurasa zenye madoa ya samli zitadhurika? Na pini hizo nizitoe nikishone kwa uzi, au nitakishusha thamani?

Natanguliza shukrani.