Baraza la wanafunzi: wenye shida hawanyooshi mkono, nifanyeje?

Mwl_wa_Baiolojia: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha shule ya kata, ya kutwa. Barazani wanaosimama ni walewale: viranja, na watoto waliotoka shule za msingi za kulipia, maana sheria yetu ni Kiingereza tu. Waliosoma miaka saba kwa Kiswahili wanainamisha vichwa. Juzi nikawagawia kidato cha kwanza vikaratasi, nikasema andikeni kwa Kiswahili, jina msiweke. Nilitegemea malalamiko ya mipira na vyoo. Kimoja, kwa penseli: "Sisi ambao nyumbani hawajatoa mahindi, wenzetu wakila tunaambiwa tukafagie uwanja." Nikimpelekea mkuu, mwandiko utamchoma mtoto. Mngefanyaje?

Mnyalukolo: Vikaratasi baki navyo. Hoja zote ziandike upya mwenyewe, hiyo iweke katikati. Na jiandae, utaambiwa chakula hakimo kwenye elimu bila ada. Ni kweli, Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 uliwaachia wazazi chakula cha wanafunzi wa kutwa. Ila deni ni la mzazi. Fagio kapewa mtoto kwa waraka gani?

DadaWaUrambo: Mimi nilikuwa wa kufagia. Ukifika karibu na jiko, harufu ya makande inakufuata mpaka darasani, kipindi cha saa nane husikii kitu. Mwalimu wangu, nakuomba, usije ukawaita mbele "wasiotoa", hata kama ni kuwapa chakula. Foleni ya peke yetu ilituuma kuliko njaa. Baadaye mzazi asiye na mahindi akaruhusiwa kuleta kuni au kulima shamba la shule, jina linapigwa tiki kama la mwingine yeyote. Mama yangu alileta kuni hadi namaliza.

Babu_Kitonga: Mnawafunga midomo kwa Kiingereza halafu mnauliza mbona hawasemi! Baraza halina mtihani. Ruhusuni Kiswahili, haina gharama.

Mwl_wa_Baiolojia: Shukrani sana, hasa dada. Ya kuni naibeba. Kiswahili nilishamgusia makamu, akasema tutashusha kiwango (kiwango chenyewe mnakijua). Bodi inakaa mwezi ujao. Kuna mjumbe mmoja ndiye anayeiuzia shule mahindi yanapopungua, huyo sijui nimwingieje. Mwenye uzoefu na bodi za namna hii aseme.